Umeitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa maneno ya siasa: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo kikuu Uganda

Kila muhula wananijia wanafunzi wakiwa na bahasha ile ile mkononi. Mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp kuhusu uchaguzi wa gildi, yaani serikali ya wanafunzi. Mwingine alishika kipaza sauti kwenye maandamano ya ada. Mwingine alipigwa picha getini akiwa amevaa fulana ya chama. Barua inasema wameitwa na kamati ya nidhamu.

Wengi wao hawaponzwi na walichosema. Wanaponzwa na walichofanya katika siku tatu za kwanza baada ya kupokea barua. Wanafuta machapisho, wanampigia simu mlezi wa wanafunzi wakilia, wanakataa kwenda kwenye kikao, au wanaandika kurasa sita za kuilaani serikali bila kugusa shitaka lenyewe.

Mimi si wakili. Nilikuwa kwenye uongozi wa gildi, nikaitwa, nikaenda mikono mitupu nikiamini ukweli utajitetea wenyewe. Nilisimamishwa muhula mzima. Rufaa yangu haikusomwa kwa sababu niliifikisha siku nne baada ya muda kwisha. Hatua hizi zimetokana na jeraha hilo na kesi nilizosindikiza tangu hapo.

## Andaa hivi kwanza

- Barua uliyoandikiwa pamoja na bahasha yake. Kama ilikuja kwa barua pepe, chapisha ukurasa unaoonyesha tarehe na saa.
- Kanuni za nidhamu za wanafunzi za chuo chako, toleo linalotumika sasa.
- Kitambulisho cha mwanafunzi, uthibitisho wa usajili wa muhula huu na risiti za ada.
- Nakala kamili ya ulichoandika au kusema: maandishi, sauti, video.
- Daftari moja la kesi hii tu.
- Fedha kidogo ya fotokopi. Kila karatasi toa nakala tatu: ya chuo, yako, na ya mtu unayemwamini asiyeishi nawe hosteli.

Huhitaji wakili leo, ila unahitaji kujua utampata wapi. Kampala ipo kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, chuo kinachowafunza mawakili. Tume ya Haki za Binadamu Uganda ina ofisi za kanda, zikiwemo Gulu, Arua, Mbarara na Fort Portal.

## Hatua ya 1: Pokea barua, andika tarehe

Ukiambiwa usaini, saini. Kando ya saini andika: "Nimepokea tarehe fulani, saa fulani. Kupokea si kukubali yaliyomo." Kisha piga picha ukurasa huo.

Sababu ni kwamba siku zote za kesi hii zinahesabiwa kuanzia hapo: siku za kujibu, za kikao na za rufaa. Chuo kikisema ulipata barua Jumatatu nawe uliipata Alhamisi, bila maandishi utaaminiwa vipi?

Tahadhari: usikatae kupokea. Anayekataa barua huandikwa kwamba aliarifiwa akakaidi, na kikao kinaendelea bila yeye.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa wa kwanza wa daftari wenye tarehe, saa, jina la ofisi iliyokupa barua na muda uliopewa wa kujibu.

## Hatua ya 2: Isome barua ukiwa na kalamu

Kwanza jua ni barua ya aina gani, maana kila aina ina jibu lake. Ipo inayokutaka ueleze kwa nini usichukuliwe hatua. Ipo inayokusimamisha kwa muda huku uchunguzi ukiendelea. Ipo ya wito wa kikao. Na ipo ambayo tayari ni uamuzi. Nimeona mwanafunzi akijiandaa kwa kikao wiki mbili, kumbe barua aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumfukuza na siku za rufaa zilikuwa zinayoyoma.

Kisha tafuta mambo manne na uyapigie mstari: kosa ni lipi, limevunja kanuni namba ngapi, lilitendeka lini na wapi, na nani atasikiliza.

Mara nyingi utakuta maneno mapana kama "kuchafua jina la chuo" au "mwenendo usiofaa", basi. Hapo usianze kujitetea, kwa sababu mtu hajitetei dhidi ya moshi. Andika barua fupi siku hiyo hiyo au kesho yake:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Ili niweze kujibu kwa haki, naomba nipewe: maneno yenyewe ninayodaiwa kuyasema, kwa lugha niliyoyasema, tarehe na mahali, namba ya kanuni ninayodaiwa kuivunja, na nakala ya ushahidi utakaotumika. Naomba pia muda wa kujibu uanze kuhesabiwa baada ya kupewa hayo."

Barua hiyo ina uzito mkubwa kuliko ufupi wake. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inatoa haki ya kusikilizwa kwa usawa, na Ibara ya 44 inasema haki hiyo haipunguzwi kwa namna yoyote. Ibara ya 42 inamtaka kila mwenye mamlaka ya kiutawala akutendee kwa haki. Kumshitaki mtu bila kumwambia kosa ni kuvunja yote hayo. Wakikunyima, barua yako yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayozungumza kwenye rufaa.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nadaiwa kwamba siku fulani, mahali fulani, nilisema maneno haya, kinyume cha kanuni hii."

## Hatua ya 3: Usifute kitu

Najua mkono unavyowasha. Unataka ufute chapisho ili mambo yapoe. Usifanye hivyo. Aliyekushitaki ana picha ya skrini tayari, na picha yake imekata ujumbe uliotangulia na uliofuata. Ukifuta, umebaki na toleo lake peke yake, na kamati itasoma kufuta kwako kama kukiri.

Hifadhi mazungumzo yote ya kundi kwa siku hiyo. Hifadhi video nzima, siyo sekunde thelathini zinazozunguka TikTok. Andika majina ya waliokuwepo na uwaombe kila mmoja aandike alichokiona kwa maneno yake. Usimwambie shahidi aseme nini. Mashahidi watatu wenye sentensi zinazofanana neno kwa neno watakuharibia kuliko kukosa shahidi.

Kama mlinzi au mtumishi wa chuo anaitaka simu yako, omba kwa upole ombi hilo liandikwe, na usimpe simu iliyo wazi mkononi.

### Kuhusu lugha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu linawaumiza hasa wanaozungumza Kiswahili: waliotoka Bombo, Arua na Koboko, na wenzetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaosoma hapa.

Unasema kwa Kiswahili, barua inakuja kwa Kiingereza. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye kundi, siku moja kabla ya mdahalo wa wagombea: "Kesho patachimbika." Kila aliyekulia na lugha hii anajua maana yake: pambano litakuwa kali, kama tusemavyo kabla ya mechi ya watani. Barua ya chuo ilimweleza kuwa ametishia kuchimbua barabara na viwanja vya chuo. Mwingine aliandika "moto umewaka" akisifu umati uliojaa ukumbini, akashitakiwa kwa kuchochea uchomaji wa mali.

Dai maneno ya asili yaandikwe kwenye shitaka. Kisha leta tafsiri ya mtu anayekubalika, mhadhiri wa Kiswahili akipatikana, yenye saini na maelezo mafupi ya jinsi msemo huo unavyotumika. Ongeza mifano miwili mitatu ya msemo huo katika magazeti au matangazo ya mpira. Hata hivyo usidanganye. Kama ulisema "wapigwe", hakuna mtaalamu wa lugha atakayekuokoa, wala asikuokoe.

## Hatua ya 4: Tafuta kanuni yenyewe

Usitegemee alichokuambia rafiki wala toleo la mwaka wa kwanza lililokuwa kwenye begi la mapokezi. Nenda kwa mlezi wa wanafunzi, maktaba au tovuti ya chuo. Ukizungushwa katika chuo cha umma, omba kwa maandishi ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu. Mara nyingi kuitaja tu kunatosha.

Soma mambo matatu: kosa linaelezwaje, kamati inaundwa na nani, na rufaa inakwenda wapi ndani ya siku ngapi. Nakili siku za rufaa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako sasa hivi, kabla hata hujahukumiwa. Mimi sikufanya hivyo.

Halafu ligawe kosa vipande. Kama kanuni inakataza "kuitisha mkusanyiko usioruhusiwa unaovuruga masomo", kuna mambo matatu ya kuthibitishwa: kwamba wewe uliitisha, kwamba hapakuwa na ruhusa, na kwamba masomo yalivurugika. Aliyesimama tu kwenye umati hakuitisha. Mkutano wa Jumamosi jioni uwanjani, ulivuruga somo gani?

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye safu mbili: kushoto kila kipande cha kosa, kulia ushahidi wanaodai kuwa nao.

## Hatua ya 5: Andika jibu

Kabla hujaandika mstari mmoja, jiulize kama kuna harufu ya polisi. Ikiwa umeshahojiwa kituoni, au barua inataja mali kuharibiwa au mtu kuumizwa, tafuta wakili kwanza. Unachoiandikia kamati kinaweza kusomwa mahakamani. Na ukikamatwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kesi ya nidhamu na kesi ya jinai ni njia mbili tofauti, na kushinda moja hakufuti nyingine.

Kama hakuna hatari hiyo, jibu lako lisizidi kurasa mbili, kwa mpangilio huu.

Aya ya kwanza: jina, namba ya usajili, kozi, tarehe na rejea ya barua yao.

Aya ya pili: kilichotokea, kwa mfuatano wa saa, bila sifa wala matusi. "Saa nane mchana nilifika mbele ya ukumbi. Nilizungumza kwa takriban dakika tano kuhusu ada. Niliondoka kabla ya saa tisa."

Kisha jibu kila shitaka peke yake, kwa namba ile ile waliyotumia. Sema unakubali, unakataa, au unakubali sehemu na kukataa sehemu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaandika: "Chuo hiki kimejaa vibaraka wa serikali." Hata kama unaamini hivyo, haijibu kitu. Andika: "Nakubali kwamba niliikosoa menejimenti kuhusu ada. Nakataa kwamba nilimtaka yeyote afunge madarasa. Kiambatisho cha pili ni hotuba yote."

Baada ya hapo ndipo sheria iingie, kwa ufupi. Ibara ya 29 inalinda uhuru wa kusema, kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, kujiunga na vyama, na inautaja pia uhuru wa taaluma katika taasisi za elimu. Ibara ya 43 inaruhusu mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma, lakini inasema wazi kwamba maslahi ya umma hayawi kisingizio cha kumwandama mtu kwa siasa zake. Hoja yako iwe hii: niliyosema ni maoni ya siasa, hayakuzidi mpaka, na adhabu inayofikiriwa haina uwiano na jambo lenyewe.

Unaweza kutaja hukumu mbili. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Zitumie kwa uangalifu: zilifuta makosa ya jinai, hazikufuta kanuni za chuo. Zinaonyesha jinsi mahakama zetu zinavyoyatazama makosa ya maneno. Na usidhani mtandao sasa ni huru kabisa, maana sheria hiyo ya kompyuta iliongezewa makosa mengine mwaka 2022.

Maliza kwa ombi lililo wazi: shitaka lifutwe; au, likithibitika, adhabu iwe onyo; na kwa vyovyote uruhusiwe kufanya mitihani wakati kesi ikiendelea.

### Je, niombe radhi?

Omba radhi kwa kosa ulilolitenda kweli. Ulimtukana mtu kwa kabila lake? Ulitaja jina la katibu muhtasi asiyehusika na lolote? Ulisambaza picha ya uongo? Sema, taja neno lenyewe, omba radhi kwa aliyeumizwa. Nakuambia hivi si kwa ajili ya kamati tu. Uhuru wa kusema tunaoutetea ni wa huyo uliyemuumiza pia.

Lakini usisaini radhi iliyoandikwa na ofisi ikisema "nakiri kuvunja kanuni" kwa sababu umeahidiwa mambo yataisha kimya kimya. Karatasi hiyo inaingia kwenye faili na ahadi inabaki hewani. Usikubali pia kuomba radhi kwa kuunga mkono chama fulani. Hilo si kosa.

Kuhusu maneno ya nguvu, elewa kamati inatoka wapi. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa katika kampeni za gildi Makerere, na shughuli za gildi zikasimamishwa. Tangu hapo, neno lolote linaloweza kusomeka kama wito wa vurugu linasomwa na watu wenye hofu halisi. Kama ulisema kwa mafumbo, eleza fumbo lako bila kukasirika kwamba umeulizwa.

Fikisha jibu kwa mkono, upate muhuri kwenye nakala yako, kisha tuma pia kwa barua pepe. Umefaulu mtu asiyekujua akisoma kurasa zako mbili na kuelewa unakataa nini na kwa ushahidi gani.

## Hatua ya 6: Siku ya kikao

Fika nusu saa mapema na nakala zako zikiwa zimepangwa. Uliza, kama kanuni ziko kimya, iwapo unaweza kuingia na wakili au mwenzako. Wakikataa, omba kukataa kwao kuandikwe kwenye kumbukumbu.

Angalia waliokaa mezani. Kama aliyekushitaki ni mmoja wa wanaoamua, sema mwanzoni kabisa: "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa heshima, naomba mjumbe fulani asishiriki kuamua, kwa kuwa ndiye mlalamikaji. Naomba ombi langu liandikwe." Ukisubiri mpaka hukumu itoke, utaulizwa kwa nini ulinyamaza.

Omba kusikia ushahidi dhidi yako na kuuliza maswali. Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Ukimya baada ya jibu fupi unatisha, nawe utataka kuujaza kwa maneno. Uache. Ukichokozwa kuhusu siasa zako ("wewe ni wa chama gani?"), jibu: "Sioni swali hilo katika shitaka, mheshimiwa."

Ushahidi mpya ukiletwa mezani, usiujibu papo hapo. Omba muda wa kuusoma.

Tahadhari: usirekodi kwa siri kabla ya kujua kanuni zinasemaje. Wanaweza kukufungulia shitaka la pili. Badala yake, toka nje na uandike kila kitu kwenye daftari ukiwa bado unakumbuka: nani alisema nini, saa ngapi, ombi gani lilikataliwa.

Wewe uliyetoka nchi nyingine, ujulishe ubalozi wako kabla ya kikao. Kusimamishwa masomo kunaweza kugusa kibali chako cha kukaa hapa kama mwanafunzi.

## Hatua ya 7: Uamuzi na rufaa

Usikubali uamuzi wa mdomo. Omba barua yenye sababu. Hesabu siku za rufaa na uiwasilishe mapema, hata kama sababu za uamuzi hazijafika. Andika kwamba utaongeza hoja ukizipata.

Rufaa si kurudia jibu lako la kwanza kwa sauti ya juu. Chagua makosa mawili au matatu ya kamati: hukuonyeshwa ushahidi, mlalamikaji aliketi kuamua, adhabu haimo kwenye kanuni, au waliamua kosa ambalo halikuwa kwenye barua. Ambatisha zile barua zako zenye muhuri. Katika rufaa hiyo hiyo omba adhabu isitekelezwe mpaka isikilizwe, ukitaja tarehe za mitihani.

## Hatua ya 8: Mahakama, ikilazimu

Ibara ya 42 inakupa haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi wa kiutawala. Njia yake ni mapitio ya mahakama katika Mahakama Kuu, na kanuni zake za 2009 zinataka uombe upesi, ndani ya miezi mitatu tangu sababu ilipotokea. Marekebisho ya 2019 yanataka pia uwe umemaliza njia za ndani za chuo.

Umeuona mtego? Ukikaa kungoja rufaa isiyojibiwa, miezi mitatu inaweza kukupita. Ukikimbilia mahakamani kabla ya rufaa, unaweza kurudishwa. Ndiyo maana mwone wakili wiki ile ile unayopeleka rufaa, si baada ya majibu. Ukiwa chuo binafsi, mwulize pia kama njia inayokufaa ni hii, au mkataba wako na chuo, au Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019.

Na uelewe mahakama inatazama nini. Haiulizi kama hotuba yako ilikuwa nzuri, inauliza kama ulisikilizwa kwa haki na kama chuo kilikuwa na mamlaka ya kufanya kilichofanya. Mara nyingi ushindi ni uamuzi kufutwa na kesi kurudishwa kusikilizwa upya.

## Hatua ya 9: Kurudi darasani

Ukishinda, au muda wa adhabu ukiisha, usiamini kwamba mfumo umejirekebisha wenyewe. Omba barua ya kurejeshwa, ipeleke mwenyewe kwa msajili wa taaluma, mkuu wa kitivo, maktaba na hosteli. Ingia kwenye akaunti yako ya usajili uhakikishe kozi zote zipo. Mwulize kila mhadhiri alama za kazi ulizokosa zitafanywaje, na umwombe akuandikie.

Kazi imekamilika siku utakapoingia chumba cha mtihani, karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, ukaliona jina lako na namba yako ya usajili, ukasaini.